Wimbo Mrefu wa Boxing Day

Musembi tulimzika Novemba, na ilipofika Boxing Day redio ilikuwa imeshamgeuza historia. Kuna kijana wa kituo chetu cha Kikamba ambaye kila asubuhi hueleza mambo makubwa ya muziki wa Ukambani yaliyotokea siku kama ya leo. Siku nyingine hutapatapa, utamsikia akisherehekea kuzaliwa kwa mpiga ngoma ambaye hata majirani zake hawamjui. Boxing Day hana shida hiyo. Zamani kila bendi iliyojiheshimu iliweka wimbo wake mpya ungoje siku hiyo, kwa sababu ndiyo siku wenye kazi Nairobi na Mombasa wamerudi nyumbani na wana viatu vya kuonyesha. Basi akaanza: siku kama ya leo gitaa la bezi lilisikika mara ya kwanza katika soko fulani na wazee wakadhani ni lori limekwama, siku kama ya leo bendi moja ilivunjika jukwaani kwa ugomvi wa mashati ya sare, siku kama ya leo mwimbaji mmoja aliokoka katikati ya wimbo, akamkabidhi mpiga ngoma maikrofoni na kwenda zake kanisani. Halafu akashusha sauti, ile wanayotumia kutangaza dawa ya kupe. "Na siku kama ya leo, huko Kyuso, marehemu Musembi alipiga wimbo mmoja kutoka mchana mpaka jua likatua. Wapenzi, hiyo rekodi hakuna mtu ashaivunja. Ulikuwepo? Tupigie simu."

Nilikuwepo. Nilikuwa nimesimama nyuma ya Musembi kidogo, nimevaa gauni la kijani la kuazima, na mimi ndiye niliyeimba kiitikio ambacho kijana huyo alikipiga kipande kabla ya kwenda kwa matangazo. Sasa nilikuwa jikoni kwangu hapa Kalamba nikichambua ndengu, mume wangu akiwa sebuleni na Biblia yake, na niliposikia neno rekodi nilitamani kuitupia redio sinia lote. Jua halikutua, anaongeza chumvi. Lakini wimbo ulikuwa mrefu kweli, mrefu kuliko mahubiri yoyote niliyowahi kukalia benchi, na hakuna mtu kati yetu jukwaani aliyekuwa akitafuta rekodi. Tulikuwa tunamtafuta mtu.

Mwaka ule ulikuwa wa ukame, nami nilikuwa na miaka kumi na tisa. Bendi ya Musembi ilipanga vyumba viwili Sultan Hamud, nyuma ya baa, karibu na reli kiasi kwamba gari la moshi likipita vikombe vilitembea mezani. Vyumba vilitenganishwa na ubao mwembamba uliopakwa chokaa, na kila kilichosemwa upande mmoja kilisikika upande wa pili, mpaka mtu akigeuka kitandani ulijua ni nani. Wanaume walilala upande mmoja, mimi nikalala upande wa pili pamoja na spika, jenereta na magunia ya vyombo. Tulikuwa na sufuria moja. Asubuhi ilichemsha chai ya rangi, mchana muthokoi, yale mahindi yetu yaliyokobolewa tunayopika na maharagwe, na Ijumaa jioni ilichemsha nyuzi za gitaa, kwa sababu nyuzi zilizochoka ukizichemsha zinarudisha sauti kwa siku mbili tatu. Kyalo ndiye aliyekuwa mpishi wa nyuzi. Alizikoroga na mwiko kama mtu anayejaribu mchuzi, akainua mmoja, akaupuliza, akanionjesha kwa utani. Nami nilikuwa mjinga wa mapenzi, nikauonja.

Kyalo alikuwa mdogo wake Musembi, na ndiye aliyekuwa solo, gitaa la mbele. Musembi aliimba na kuongea na watu, lakini watu walikuja kwa ajili ya vidole vya Kyalo. Tulikuwa tumekubaliana kuoana baada ya mavuno, kama mvua ingenyesha, na mvua ilipokataa tukasema baada ya mavuno mengine, tukiongea kwa minong'ono kupitia ule ubao, yeye mdomo wake upande ule na mimi sikio langu upande huu. Kimeu, mpiga ngoma wetu, alikuwa akilalamika, "Nyinyi watu, hiyo ubao iko na masikio mingi. Lala!" Nimelala katika nyumba nzuri tangu wakati huo, nyumba ya mawe yenye dari na tangi la maji, na bado chumba ninachokiota ni kile.

Agosti tulikuja kupiga hapa hapa Kalamba, siku ya soko. Jenereta lilikuwa linakohoa. Kyalo akainama kulitazama huku linanguruma, na mkanda ukamchukua vidole viwili vya mkono wa kushoto, mkono wa kubonyezea nyuzi. Sitaeleza damu. Nitasema tu kwamba aliutazama mkono wake, kisha akanitazama mimi, na uso wake ulikuwa wa mtu anayetaka kuomba msamaha. Zahanati walimfunga bendeji na kumpa vidonge. Tulirudi Sultan Hamud, na kwa majuma kadhaa alikaa kitandani ameuegemeza mkono kwenye goti, akila kidogo, akisema sawa kwa kila kitu. Nikimwambia chai iko tayari, sawa. Nikimwambia tutaoana hata kama hana mkono kabisa, sawa. Jumamosi zilipokuja Musembi alimchukua kijana mwingine wa kupiga solo, kwa muda, alisema, na kijana huyo akaja kuchukua gitaa pale ukutani huku Kyalo anatazama.

Jumapili moja alasiri nilikuwa upande wangu nikifua, Kyalo akiwa amelala kwenye mkeka wangu kwa sababu upande wa wanaume kulikuwa na joto. Musembi na Kimeu waliingia upande wa pili, wakafikiri hakuna mtu. Musembi alikuwa na roho nzuri, hilo nalisema hata mbele ya kaburi lake. Alikuwa akipanga jinsi ya kumsaidia ndugu yake.

"Hawezi rudi kwa solo," Kimeu akasema. "Tuache kujidanganya."

"Najua."

"Sasa atakuwa anafanya nini?"

"Si anaweza kuchunga jenereta," Musembi akasema. "Hiyo hata na mkono moja unafanya. Atakula na sisi, atalala na sisi. Siwezi acha ndugu yangu."

Niligeuka kumtazama Kyalo. Macho yake yalikuwa wazi, yametazama bati. Nilimwambia polepole, "Hajui anasema nini, mpenzi." Akanijibu, "Sawa, Ndinda." Asubuhi iliyofuata kitanda chake kilikuwa kimetandikwa vizuri na yeye hakuwepo. Shati lake la jukwaani lilikuwa bado kwenye msumari.

Nyinyi mnaosoma haya mna simu mfukoni, mtauliza mbona hatukumtafuta. Tulimtafuta kwa njia tuliyokuwa nayo. Katika muziki wetu, wimbo ukikaribia mwisho maneno huisha na gitaa linachukua nafasi, na mwimbaji anaanza kusalimu watu kwa majina: fulani wa duka la nguo, fulani dereva wa lori, fulani mwalimu. Ukitajwa ni lazima utoke mbele, uinue vumbi kidogo ndipo urudi mahali pako. Hata mwenye msiba atainua mkono aonekane. Asiyetoka akiitwa amemtukana mwimbaji mbele ya watu, na Kyalo alijua hivyo kuliko sisi. Kwa hiyo kila Jumamosi tulibadilisha soko, na katika kila wimbo Musembi alimsalimu ndugu yake. Emali, Wote, Kitui mjini, Mwingi. "Kyalo, mwanaasya, nakusalimu." Mwanaasya ndivyo tunavyomwita ndugu. Nilimsihi Musembi atangaze wazi kwamba kijana amepotea, ataje mkono, ataje kila kitu. Alikataa. "Mtu akitangazwa amepotea, watu wanaanza kumlilia," alisema. "Mimi simlilii mtu ako hai."

Kulikuwa na habari, na habari ndizo zilizotuua. Mtu mmoja alimwona Mwingi akipakia mbuzi. Mwingine akamwona Kibwezi, amepanda lori la makonge. Mama mmoja wa kanisani akaniambia aliota yuko ndani ya maji, nami nikamwambia aote mambo ya watoto wake. Nilikuwa nimekuwa mkali. Muthokoi niliuacha kwenye sufuria, na usiku niliweka sikio kwenye ubao nikamsikia Kimeu tu akikoroma. Ilipofika Desemba, Musembi aliweka kijiko chini katikati ya chakula akasema, "Boxing Day tutapiga Kyuso." Sote tukaelewa. Kyuso ndiko kwao. Mama yao alikuwa ameshafariki na nyumba ilikuwa na kufuli, lakini kwao ni kwao. Mkamba anaweza kupotea mwaka mzima, aulizwe na asipatikane, mkewe amsahau sura, lakini Boxing Day atafika nyumbani, hata kama amekuja kwa miguu. Akikosa Boxing Day, watu hawaulizi tena. Wanaanza kusema marehemu.

Tulipigia katika uwanja wa baa moja uliozungushiwa mabati, lango moja tu, jua la Kyuso likiwa juu yetu sote. Watu walikuja tangu asubuhi kutoka kila upande, wenye suti za Nairobi, wenye mbuzi wa kuuza, wazee wa kanisa waliosema wanapita tu. Waliokosa kiingilio walijazana nje ya mabati kusikiliza bure. Nilitazama kila uso uliopita langoni mpaka macho yakauma. Mchana Musembi akanigeukia. "Ndinda, tuanze ile yetu." Tukaanza. Maneno yakaisha, gitaa likachukua nafasi, na Musembi akainua mkono. "Kyalo, mwanaasya! Kyalo, nakusalimu! Kyalo, toka nikuone!"

Akatoka Kyalo. Alikuwa mzee wa makamo mwenye kofia, fundi wa baiskeli pale sokoni, na alicheza kwa furaha kweli, akipiga magoti vumbini, maana hajawahi kutajwa na bendi kubwa maishani mwake. Watu wakamshangilia. Musembi akaita tena. Akatoka Kyalo mwingine, kijana wa shule. Hatukuwa tumefikiria jambo hilo, na masoko mengine halikuwa limetokea, kwa sababu huko tulitaja majina mengi na hilo likapita haraka. Lakini Ukambani, tupa jiwe sokoni, utampiga Kyalo. Siku hiyo Musembi hakutaja jina jingine lolote, na kina Kyalo wa Kyuso wakaelewa kwamba bendi imewatungia wao wimbo. Wakaja mmoja mmoja, halafu wawili wawili. Na kwa kuwa aliyetajwa akiwa nje alikuwa na haki ya kuingia bure, kule langoni ghafla kila mwanamume alikuwa Kyalo. Tulisikia vicheko na mabati yakigongwa. Nilimwona Kimeu akiinua fimbo zake ili amalize wimbo, na Musembi akageuka akampigia kelele, "Usisimamishe! Akifika akute imeisha?"

Ndipo nilipoacha mahali pangu. Nilichukua maikrofoni na kusema maneno yangu mwenyewe, kwa Kikamba cha nyumbani, bila kujali gitaa liko wapi. Kyalo njoo. Kyalo njoo, hakuna aliyekasirika. Kyalo njoo, nimekuwekea shati lako. Nilikuwa nalia waziwazi, kamasi na yote. Na watu wakaitika! Uwanja mzima, wamekunja mikono ya mashati, wakaitika "Kyalo njoo!" kila nilipomaliza mstari, kwa sababu walidhani ndio wimbo mpya wa Boxing Day, na walikuwa wameupenda. Mtu mmoja alikuwa akiturekodi kwa kaseti, na hicho ndicho kiitikio wanachokipiga redioni mpaka leo. Nimekisikia harusini. Nimekisikia kwenye mikutano ya siasa, wameondoa jina lake wakaweka la mheshimiwa.

Wimbo uliisha kwa sababu sauti ya Musembi iliisha. Mbele yetu kina Kyalo walikuwa wameshikana mabega wakicheza pamoja, na watu wakipaaza sauti, "Wametoka wote! Kyalo wametoka wote!" Musembi akakaa juu ya spika, akauficha uso wake kwenye shati. Aliponiangalia alisema kwa mnong'ono, ndiyo sauti iliyobaki, "Angekuwa hai angetoka." Sikumbishia. Nilikuwa nimeona uwanja wote. Mwezi wa pili bendi ikagawana vyombo, na mwaka uliofuata nikaolewa huku Kalamba na mtu mwema ambaye hakuwahi kunificha kwamba anajua ameoa mjane. Maneno hayo ya Musembi ndiyo niliyojengea nyumba. Hata Oktoba ya mwaka huu, nilipokwenda kumwona hospitalini, mwili umekuwa mdogo kama wa mtoto, alinishika mkono akayasema tena: angekuwa hai angetoka. Nami nikamwitikia, ndiyo, shemeji, angetoka.

Basi Boxing Day hii watu walipiga simu redioni. Mama mmoja alisema alizaa mtoto jioni ile na kumwita jina hilo. Mzee mmoja akasema kwa majivuno kwamba yeye ni mmoja wa kina Kyalo waliotoka, na viatu vyake vilikwisha soli. Kijana wa redio alikuwa anafurahi sana. Kisha akaja mtu kutoka Mombasa, sauti ya mtu mzima mwenye afya, akasema siku ile yeye ndiye alishika lango.

"Wewe ndiye ulikuwa unakata tiketi!" kijana akasema. "Tupe stori, mzee."

"Aa, siku hiyo tuliona maajabu. Kila mtu ni Kyalo! Tuliingiza wengine, tukachoka. Kuna moja alikuja mwisho mwisho, amekonda, hana hata viatu. Anasema ni yeye anaitwa. Tukamwambia, ndugu, Kyalo wamejaa huko ndani, rudi mwakani!"

Kijana wa redio akacheka mpaka akakohoa. "Akafanya nini?"

"Alikuwa mbishi. Akasema, basi kama huwezi nifungulia, ingia uambie Ndinda niko hapa nje. Nikamwambia, mimi na Ndinda tunajuana wapi? Tukamsukuma kidogo. Akangoja hapo kwa mabati. Sasa huko ndani watu wakaanza kupiga makelele, wametoka, wametoka. Akaniuliza, nani ametoka? Nikamwambia, Kyalo ametoka, wewe tulia. Akasema sawa. Akapanda lori ya mbuzi ilikuwa inaenda upande wa Garissa."

"Huyo naye alitaka kuingia bure kabisa," kijana akasema. "Asante mzee, Krismasi njema. Tupate kibao chenyewe."

Kikaanza. Nilisikia gitaa, halafu nikasikia sauti yangu ya miaka kumi na tisa ikimwita. Ndengu zilikuwa zimemwagika sakafuni na sikujua ni lini. Nilichukua simu nikapiga namba za redio, zikawa zimejaa, nikapiga tena, zimejaa. Mlango ukafunguka. Mume wangu hakuwahi hata siku moja kuniuliza habari za muziki, lakini redio ilikuwa na sauti kubwa na yeye hajaziba masikio. Alikuwa bado ameweka kidole ndani ya Biblia mahali alipoachia.

"Mama Mutua," akasema. "Huyo waliyemzuia langoni. Ni yule?"

"Ni yule."

Akasimama pale, mzee wa watu, hajui aende mbele au arudi nyuma. Nami nilimhurumia, nikamhurumia Musembi aliyekwenda kaburini bila kujua, nikamhurumia hata yule mjinga wa Mombasa na hadithi yake ya kuchekesha. Lakini nafsi yangu sikuweza kuihurumia, ilikuwa inauma mno.

"Alikuja, Baba Mutua," nikamwambia. "Tulimwita na akaja. Alikuwa nje ya mabati ananisikia."

Kisha nikakaa chini kwenye ndengu na nikalia kwa sauti, nikamwita kwa jina lake, na safari hii hakuna mtu aliyeitika.